Trekta Halitoki

Mnunuzi wa vyuma chakavu alisema atafika saa sita mchana, na kwamba lori lake lina winchi. Hiyo winchi ndiyo iliyowapa watu raha pale mezani asubuhi. Trekta lilikuwa limegoma kupinda kona tangu mvua ya kwanza, na hakuna aliyekuwa tayari kulisukuma hadi barabarani. Sasa lingevutwa tu kwa kamba ya chuma, lipande lori kama ng'ombe mgonjwa, na habari yake iishie hapo.

Mama Pacha alikuwa anamimina chai. Alijaza kikombe cha mwisho, akatua birika, akasema, "Trekta halitoki."

Alisema kwa sauti ileile ya kuulizia sukari, ndiyo maana ilichukua muda watu kuelewa.

Shemeji yake ndiye aliyeinua kichwa kwanza. Alikuwa kaka mkubwa wa mumewe, mtu wa mashati yaliyonyooshwa na simu mbili, na ndiye aliyemtafuta huyo mnunuzi.

"Shemeji, hili tulishalizungumza."

"Mlilizungumza mimi nikiwa bondeni nafyeka."

"Na mumeo tulimpigia. Amesema sawa."

"Mume wangu ana siku ya tisa barabarani na lori la mizigo. Ukimpigia akiwa kwenye mteremko ukamwambia tunamuuza mke wako, atasema sawa kaka, tutaongea nikifika."

Mama mkwe, aliyekuwa anachambua maharage kwenye ungo, alijiziba mdomo kwa kiganja. Mzee, baba mkwe, hakucheka. Alikuwa anatazama chai yake kana kwamba kuna kitu kimezama humo. Trekta lilikuwa lake. Alilinunua kabla wanawe hawajaota meno, na tangu ligome hakuwahi kulisemea neno, la kulitetea wala la kulilaani.

Kwa Mama Pacha hesabu ilikuwa fupi. Shamba la bondeni lilikuwa lake na mumewe. Lisipolimwa wiki hii, maji yangetuama na plau lisingeingia tena hadi mwakani. Matrekta ya kukodi yalikuwa na foleni ya wiki tatu. Na shamba hilo ndilo lililowaweka pacha wake shule ya bweni. Bila trekta hakuna shamba, na bila shamba mabinti wawili wangerudi nyumbani na masanduku yao kumsaidia kuchambua maharage.

"Fundi amefanya kila kitu," shemeji alisema. "Si yuko hapa, muulize."

Fundi alikuwa pale kweli, amekuja kusaidia kupakia. Watu walimwita Nyundo, kwa sababu nyundo ndiyo ilikuwa spana yake ya kwanza, ya pili na ya tatu. Alimeza mkate haraka.

"Mama Pacha, pampu nimebadilisha. Oili nimebadilisha. Bado gumu. Hapo limebaki boksi zima la stelingi, na hilo halipatikani popote. Trekta limezeeka."

"Ulipobadilisha pampu, wepesi uliongezeka hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Basi pampu haikuwa na kosa." Alivuta kiti, akakaa. Alikuwa hajakaa tangu alfajiri. "Nipeni mpaka huyo mtu afike. Usukani ukipinda, trekta halitoki. Usipopinda, nitalifunga kamba ya winchi mwenyewe."

Ikumbukwe kwamba Mama Pacha alisoma chuo miaka mitatu, akapata stashahada ya mitambo ya kilimo, kisha akafanya kazi miaka sita kwenye karakana ya shamba la miwa. Hayo yote yalikuwa kabla ya ndoa na kabla ya pacha. Ukoo wa mumewe uliitumia stashahada hiyo kutengenezea cherehani ya mama mkwe. Kwenye trekta hakuruhusiwa kugusa. Mzee alikuwa na sheria: trekta linaguswa na fundi aliyeitwa, na hakuna kubandika-bandika. Dereva mmoja aliwahi kuziba bomba la dizeli kwa mpira wa baiskeli. Alifukuzwa siku hiyohiyo, na kisa chake kilisimuliwa kwa kila dereva aliyekuja baada yake.

Shemeji alimtazama Mzee. Mzee alipuliza chai iliyokwisha kupoa.

"Haya," shemeji alisema, akiegemea kiti. "Ukipinda, halitoki. Tena ukipinda, mimi nitavaa gauni lako nipite nalo sokoni mchana kweupe."

"Mama, umesikia?" Mama Pacha alimgeukia mama mkwe.

"Nimesikia. Na fundi kasikia."

"Na Baba?"

Mzee aliitikia kwa kichwa, mara moja.

Shemeji alitoa ufunguo mfukoni, akautupa mezani. Ulikuwa umefungwa kwa waya pamoja na sarafu kuukuu yenye tundu katikati. Aliitundika hapo kiangazi, akisema ni ya bahati. Mama Pacha aliuchukua, akaenda kuvaa suruali.

Chini ya kitanda alikuwa na sanduku la bati. Ndani yake, kimeviringishwa kwenye shali walilobebewa pacha, kulikuwa na kipimo cha presha ya mafuta, geji ya chuma yenye kioo na mshale, zawadi ya karakana siku alipoacha kazi. Watu wa nyumba ile waliijua kama saa ya Mama Pacha, na mara mbili jirani alishamuuliza mbona haisemi saa ngapi.

Trekta lilikuwa kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba, pua imeelekea ukutani. Hapo ndipo vibarua walipolisukumia siku dereva aliposhindwa kulipindisha nje ya geti. Stelingi yake ilisaidiwa na mafuta: pampu inayasukuma, yanaingia kwenye silinda, silinda inavuta magurudumu ya mbele, na dereva anazungusha usukani kwa mkono mmoja huku akiangalia plau nyuma. Sasa ilihitaji wanaume wawili kuuning'inia.

Nyundo alimfuata hadi bandani, mikono mfukoni. Shemeji naye alikuja na kiti chake, akakiweka mlangoni kama mtu aliyekata tiketi.

Mama Pacha alianza na kifuniko cha tangi la mafuta ya stelingi. Aliwasha injini, akaiacha iungurume kidogo, akamulika kwa tochi ya simu. Mafuta yalikuwa safi, yamefika kwenye alama, na hayakuwa na povu hata chembe.

"Hakuna hewa inayoingia," alisema. "Mpira wa kunyonya ni mzima."

"Nilikwambia nimebadilisha oili," Nyundo alisema.

"Ulisema. Nimeangalia."

Alizima injini. Alipiga jeki ekseli ya mbele mpaka magurudumu yakaelea, akaweka magogo mawili chini kwa usalama, akafungua pini inayoshika silinda na mkono wa stelingi. Kisha akasukuma gurudumu kwa kiganja. Lilizunguka kushoto, likarudi kulia, jepesi kama mlango wa kabati. Alimtazama Nyundo, naye akatazama magogo.

"Vyuma havijakwama popote," alisema Mama Pacha. "Ugumu uko kwenye mafuta. Na usukani ni mgumu pande zote mbili, si ndiyo? Kushoto na kulia sawa?"

"Sawasawa."

"Ingekuwa silinda imekufa, ungekuwa mgumu upande mmoja. Rudisha pini."

Nyundo aliirudisha. Hakuitumia nyundo, na huo ulikuwa mwanzo mzuri.

Mama Pacha alishusha jeki, akafungua bomba linalotoka kwenye pampu, akaunganisha geji katikati. Sasa alihitaji mtu wa kukaa juu, wa kuzungusha usukani na kukanyaga mafuta huku yeye akisoma mshale. Shemeji alikunja nne. Nyundo aliangalia viatu vyake.

"Nipisheni," ilisema sauti nyuma ya kiti cha shemeji.

Mama mkwe alikuwa ameweka ungo chini na kujifunga gauni kiunoni. Miaka yote hiyo alilipikia trekta lile: madereva wake, mafundi wake, vibarua wake. Hakuwahi kulikalia. Alishika usukani, akapandisha mguu mmoja, akapumzika, akapandisha wa pili, akakaa.

"Kumbe huku juu kuna upepo," alisema. "Ndiyo maana hamshuki."

"Mama, utaanguka," shemeji alisema.

"Nikianguka utaniuza na mimi?"

Mama Pacha alimwonyesha pa kukanyaga, naye akawasha injini. Banda likajaa moshi na kelele.

"Zungusha kushoto mpaka mwisho, Mama. Ukifika mwisho shikilia, uachie nikisema."

Mama mkwe aliuvuta kwa mabega, kwa kifua, kwa meno. Mshale wa geji ulipanda hadi thelathini, ukasimama. Palipaswa kuwa themanini na tano. Ndivyo kitabu cha trekta kilivyosema, na ndivyo alivyokumbuka.

"Achia. Sasa rudia, ila kanyaga mafuta."

Injini ilinguruma. Mshale ulifika thelathini, ukasimama palepale kama umegongwa msumari.

"Zidisha."

Injini ililia. Thelathini.

"Zima, Mama." Mama Pacha alijipangusa jasho kwa kiwiko. Alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Fundi, njoo uone. Pampu iliyochoka ukiikanyagia mafuta inajitahidi, mshale unapanda hata kidogo. Huu haupandi. Injini polepole, thelathini. Injini kwa nguvu zote, thelathini. Hiyo maana yake nini?"

Nyundo aliwaza. Kusema kweli, aliwaza kwa uaminifu. "Kuna mlango unafunguka mapema."

"Kuna mlango unafunguka mapema. Valvu ya kuachia presha. Uliifungua kiangazi?"

"Niliisafisha. Nikaifunga vizuri kabisa."

"Naamini."

Valvu ilikuwa kwenye kijumba cha chuma kando ya boksi la stelingi, imefunikwa kwa nati kubwa. Saa ilikuwa imefika tano. Mama Pacha aliifungua juu ya bakuli, mafuta yakachuruzika, ikatoka springi, na nyuma yake kijipini cha kuziba. Kijipini kilikuwa kisafi, hakina mkwaruzo. Springi aliiweka kwenye kiganja, akaibana kwa vidole. Ilikuwa fupi, imechoka.

Springi iliyochoka ingetosha kueleza yote, isipokuwa kitu kimoja. Springi haichoki kwa siku moja. Msimu uliopita trekta lile lilipindishwa kwa kidole.

Aliinamisha ile nati kwenye mwanga, akachungulia ndani. Pale springi ilipoegemea kulikuwa na alama ya duara, imeng'aa kwa kusuguliwa miaka mingi. Springi yenyewe isingeacha alama hiyo; duara lilikuwa pana kuliko springi. Kitu bapa kilikaa hapo kwa muda mrefu kikiisukuma springi mbele, kikiiongezea urefu uliopotea. Katikati ya duara palibaki kidoa cheusi kisichosuguliwa.

Kitu bapa, cha mviringo, chenye tundu katikati.

Alisimama wima polepole.

"Mama, nirushie ufunguo."

Mama mkwe aliuchomoa, lakini hakuurusha. Kwa kuwa alikuwa ameketi juu, mahali penye mwanga, na hakuwahi kupewa ufunguo ule mkononi, aliutazama. Akausogeza karibu na macho. Akaupeleka mbali.

"Hii sarafu ni yangu," alisema.

Aliikwaruza kwa ukucha.

"Ni yangu. Ilikuwa kwenye kopo langu la vifungo. Ona ilivyopinda hapa pembeni, niliifungulia kopo la rangi. Miaka ishirini na mbili nimemnunia dada yangu nikidhani ndiye aliyeichukua. Nani ameitoa wapi?"

Shemeji alimnyooshea kidole Nyundo. Nyundo alikuna shingo. "Niliikuta humo ndani, kwenye hiyo hiyo valvu. Nikajua imedondoka, imekwama. Nani anaweka hela kwenye valvu? Nikaitoa."

Matone ya mafuta yalisikika yakidondoka kwenye bakuli. Mzee alikuwa amesimama kwenye kona ya banda. Hakuna aliyemwona akija.

"Baba," alisema Mama Pacha.

"Ilikuwa mwaka ule spea zilipokosekana," Mzee alisema. "Springi imechoka, mvua imeanza. Nikatafuta washa, kile kipete bapa cha chuma, kila niliyopata ndogo. Nikaingia kwenye kopo la mama yenu."

"Na kiangazi ulipoiona kwenye ufunguo?"

"Niliiona."

"Tangu kiangazi ulikuwa unaiona, ukanyamaza. Ukaacha pampu inunuliwe. Ukaacha liuzwe."

Mzee alitazama mikono yake. "Nilimfukuza mtu kwa mpira wa baiskeli," alisema.

Mama Pacha angeweza kusema mengi. Alikuwa nayo, yamepangwa, mengine yana umri wa ndoa yake. Lakini ilikuwa saa tano na nusu.

"Mtu huyo utamtafuta wewe mwenyewe," alisema. "Mimi nina springi ya kurudisha. Mama, naomba hela yako."

"Naikopesha," mama mkwe alisema. "Siitoi."

Mama Pacha aliifungua kwenye waya, akaurudisha ufunguo juu, akaisafisha sarafu kwa dizeli, akaipangusa. Ilikaa juu ya ile alama ya duara kama mfuniko kwenye sufuria yake. Alirudisha kijipini, springi, nati, akakaza. Nyundo alimkabidhi spana kabla hajaiomba.

"Sasa liwashwe lizungushwe mpaka mwisho?" Nyundo aliuliza.

"Lizungushwe kidogo kidogo. Hatujui imeongeza kiasi gani. Ikizidisha, inapasua mpira, na mafuta ya presha yakikupiga mkononi hospitali wanakata. Mzee aliweka kwa kubahatisha, mimi napima. Rudi nyuma."

Hapo ndipo lori liliposikika likipiga honi getini. Shemeji aliinuka, akajipangusa suruali, akaenda kumpokea mgeni wake.

Mama mkwe aliwasha. Alizungusha taratibu, na kabla hajakaza mabega usukani ulimfuata. Alishtuka, akacheka, akaachia mkono mmoja.

"Unakwenda wenyewe."

"Mpaka mwisho, Mama. Shikilia. Achia." Themanini na mbili. "Upande wa pili. Shikilia. Kanyaga. Achia." Themanini na mbili.

Haikuwa themanini na tano. Ingetosha mpaka springi mpya ipatikane, na angeitafuta yeye. Alitoa geji, akafunga bomba, akaangalia kila kiungo kama kinavuja. Hakuna kilichovuja. Alimshusha mama mkwe, akapanda mahali pake, akalirudisha trekta nyuma, akapinda mbele ya banda kwa mkono mmoja. Hakuhitaji kutumia mkono mmoja. Alitaka tu.

Mnunuzi alikuwa amesimama uani, mtu mnene mwenye daftari. Alilitazama trekta likimjia, akamtazama shemeji.

"Uliniambia bovu."

"Lilikuwa bovu," shemeji alisema, na papo hapo uso wake ukapata wazo. Alikuja kando ya gurudumu, akapaza sauti juu ya injini. "Shemeji, umefanya kazi nzuri sana. Sasa ndiyo tutauza vizuri. Likiwa zima, anaongeza mara mbili, si ndiyo bwana?"

Mnunuzi alikubali kwamba huenda ikazungumzika.

Mama Pacha hakuzima injini. "Ulisema nini saa mbili?"

"Ah, yale yalikuwa maneno ya mezani."

"Na kuliuza je, si mliamulia mezani hapohapo?"

Shemeji alimgeukia Mzee, kama alivyozoea mambo yanapombana. Mnunuzi naye alimgeukia Mzee, kwa kuwa alishaelewa mwenye mali ni nani. Mzee alikuwa ameshika ule waya mtupu uliobeba sarafu, anauviringisha kidoleni.

"Nilikubali kwa kichwa," Mzee alisema. "Watu waliniona." Akafikiri, akaongeza, "Na kuanzia leo ufunguo anakaa nao yeye."

"Baba, lakini mafundi..."

"Fundi si ndiye huyo?"

Nyundo alikohoa, lakini hakubisha. Alikuwa tayari anafunga plau nyuma ya trekta, na kwa pini iliyokaza kidogo alitumia nyundo, mara mbili, kwa adabu.

Lilibaki lori. Lilikuwa limeegeshwa katikati ya geti, pua ndani, matako nje, na ile winchi ya sifa imening'iniza ndoano yake. Dereva wake alikuwa amelala kwenye usukani. Mama Pacha aliliendesha trekta mpaka taa zake zikakaribia kuligusa, akapiga honi.

"Rudisha lori nyuma," alimwambia dereva alipoamka. "Napita."

"Mama, mimi nimekuja kubeba trekta."

"Ndilo hili. Linapita."

Dereva alimtafuta tajiri wake kwa macho. Tajiri alikuwa anafunga daftari. Lori lilitoa moshi, likaanza kurudi nyuma kidogo kidogo, likilia ki-ki-ki kama kifaranga.

Shemeji alikuwa amesimama kando ya kamba ya nguo, simu moja mkononi, hana wa kumpigia.

"Shemeji," Mama Pacha alimwita. "Chukua lile la kijani. Hilo la maua litakubana mabegani."

Mama mkwe alicheka hadi akashika nguzo. Mama Pacha alikanyaga mafuta. Nje ya geti njia ilikata kulia ghafla, kona ileile iliyomshinda dereva siku ya mvua ya kwanza. Aligeuza kichwa nyuma kuangalia plau, akauzungusha usukani kwa kiganja, na trekta likapinda kuelekea bondeni.